Upendo Ulio Mkuu



Vijana wetu hupenda kuimba nyimbo za Kimarekani, na wazee wetu hupenda kuzilaumu. Leo twauchukua mmoja usio wa kanisani, uitwao The Greatest Love of All, yaani upendo ulio mkuu kuliko wote. Wengi waujua kwa sauti ya Whitney Houston, aliyeutia katika santuri yake ya kwanza mwaka 1985. Lakini kabla yake uliimbwa na George Benson, mwaka 1977, kwa ajili ya filamu ya maisha ya Muhammad Ali.

Muziki wake aliutunga Michael Masser, na maneno ni ya Linda Creed, mwanamke wa Philadelphia. Aliyaandika huku akipambana na saratani ya matiti, naye hajafikia hata umri wa miaka 30. Tulikumbuke hilo kabla ya kuhukumu.

Maana wimbo wenyewe wasema jambo la kumshtua Mkristo: kwamba upendo ulio mkuu ni mtu kujipenda, nao hupatikana ndani yake mwenyewe. Bwana wetu alifundisha kwamba hakuna upendo upitao ule wa mtu autoaye uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Mambo hayo mawili si sawa, wala hatutajaribu kuyapatanisha kwa maneno matamu.

Hata hivyo, amri ya kumpenda jirani ina kipimo chake, nacho ni nafsi yako. Mama aliyeachwa na mumewe, au aliyerudi kutoka hospitali amekatwa titi. Baba aliyezinduka katika ulevi akakuta shamba limekwisha kuuzwa: watu hao mara nyingi hawajipendi hata kidogo. Ukimhimiza mtu kama huyo ajikane, wamdai kitu asichokuwa nacho. Twadhani Linda Creed alisema na watu wa namna hiyo, na pengine na nafsi yake, kwamba ugonjwa hauwezi kumvua mtu heshima yake. Ni kweli, ingawa wimbo haumtaji aliyemvika heshima hiyo.

Taabu ipo kwenye nguvu. Wimbo wamtuma mtu azitafute ndani yake, je, zikiisha? Linda Creed alifariki Aprili 1986, akiwa na miaka 37, na mwezi uliofuata wimbo wake ukashika nafasi ya kwanza huko Marekani. Whitney Houston, aliyewafundisha watu wengi kuuimba, alisumbuliwa miaka mingi na madawa ya kulevya, kama alivyokiri mwenyewe hadharani, akafa Februari 2012 akiwa na miaka 48. Hatusemi haya kwa kumsimanga. Ibada ya mazishi yake ilifanyika New Hope Baptist, mjini Newark, kanisa alimoimba tangu utotoni.

Someni tena habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumkemea, wala hakumwambia atafute nguvu moyoni mwake. Malaika alimgusa, akamwamuru ale. Na pale kichwani pake palikuwa na mkate na maji. Eliya akala, kisha akalala tena. (Hapo wengi wetu tungaliudhika: tumekuletea chakula, nawe walala!) Malaika akaja mara ya pili, akamgusa tena, akamwambia ale kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake. Ndipo akaondoka, akaenda siku 40 mpaka Horebu.

Katika mitaa yetu wako ndugu tuliowapelekea unga na sukari mara moja, wakashukuru, kisha wakajifungia tena ndani. Tulisema hawataki watu. Jumapili hii, baada ya ibada, twende kwao mara ya pili.