Chovya Tairi, Anza Kupanda

Pale Whitehaven, mji wa bandari kaskazini-magharibi mwa Uingereza, utawakuta watu wazima, wengine na mvi zao, wakirudisha baiskeli kinyumenyume hadi maji yaguse tairi la nyuma. Hawaoshi. Wanaiaga Bahari ya Ireland. Tairi la mbele litachovywa ng'ambo ya pili ya nchi, Tynemouth au Sunderland, kwenye Bahari ya Kaskazini, baada ya kilomita zipatazo 225. Katikati ni kupanda na kushuka.

Njia hiyo huitwa C2C, bahari hadi bahari, na shirika la Sustrans liliifungua mwaka 1994. Nakuandikia wewe unayeishi Leeds, Newcastle au London, uliyenunua baiskeli kwa bashasha na sasa kazi yake ni kuanikia soksi. Ondoa soksi. Jaza upepo.

Utaniambia Uingereza haina milima. Kweli, sehemu ya juu kabisa ya njia, karibu na kijiji cha Nenthead, ni mita 609 tu. Mtu wa Njombe atacheka, maana hata kitanda chake kiko juu zaidi ya hapo. Na acheke, kisha apande. Shida ya vilima hivi si urefu. Unahangaika nusu saa kufika juu, unashuka dakika tano, faida yote imeliwa, na kilima kingine kinakungoja chini na meno nje. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Huku ngoma ni zote mbili: mteremko una kona, changarawe, na kondoo aliyeamua kulala katikati ya barabara.

Ukipita Penrith na kuvuka bonde la mto Eden, safu ya Pennines inasimama mbele yako kama ukuta. Hapo ndipo Hartside, mita 580, na hapo ndipo wengi huanza kujiuliza nani aliwatuma. Mkahawa uliokuwa kileleni uliungua mwaka 2018, kwa hiyo usipande ukiota chai na keki. Beba ndizi zako. Watu huanzia magharibi kwa sababu upepo mara nyingi hutoka huko na kukusukuma mgongoni. Lakini upande huu una upepo wake wenyewe, Helm, unaoporomoka kutoka Cross Fell na kukupiga usoni. Ukiukuta, usibishane nao. Inama, punguza kasi, endelea.

Sikia namna ya kupanda. Weka gia nyepesi kabla kilima hakijakubana. Ukisubiri hadi miguu imegoma, cheni italalamika, na pengine itachomoka. Kaa kwenye kiti. Sahau kilele, tazama mita kumi mbele ya tairi, zimalize, kisha chukua kumi nyingine. Jisemee kitu kwa sauti. Sentensi ikitoka nzima, mwendo ni wako. Zikibaki silabi, unashindana na mtu asiyekuwepo.

Na ikishindikana, shuka usukume. Nalisema hili kwa makusudi, maana wapo wanaoliona aibu. Kilima cha Crawleyside, unapotoka Stanhope, ni kifupi na kikali kiasi kwamba hata wenye mapaja ya mbao huwa wanateremka. Umewahi kumwona muuza mkaa akisukuma baiskeli yenye magunia kwenye mpando? Nani alithubutu kumwambia hasafiri? Hakuna refa huku. Sukuma, vuta pumzi, panda tena.

Kuna kipande kati ya Keswick na Threlkeld nakipenda kuliko vyote, ingawa hakina ukali wowote. Ni reli ya zamani kandokando ya mto Greta. Desemba 2015 tufani Desmond ilileta mafuriko yaliyozoa madaraja yake, na njia ikakatika. Ilifunguliwa tena Desemba 2020. Miaka mitano! Wewe umeahirisha mazoezi kwa sababu ya manyunyu ya Jumamosi.

Wengi huimaliza njia kwa siku tatu hadi tano, wakilala vijijini. Anza na kilomita 20 wikiendi hii. Wiki ijayo tafuta kilima kibaya kuliko vyote mtaani kwako, ukipande mara mbili. Ile ya pili ndiyo yenye kazi. Jifunze kuziba pancha ukiwa sebuleni, si kwenye mvua huku vidole vimekufa ganzi. Tyubu mbili, pampu, koti la mvua, basi. Mizigo mingine yote utailaumu Hartside.

Baada ya Stanhope unafika juu kwenye nyika tupu, upepo na kondoo, kisha unaingia kwenye reli nyingine ya zamani kupitia Waskerley hadi Consett, mji uliokuwa wa chuma mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Kutoka hapo ardhi inakuteremsha kuelekea baharini. Acha kukanyaga kidogo. Sikiliza gurudumu la nyuma likizunguka bure, bila jasho lako.

Ufukweni vua viatu, lipeleke tairi la mbele majini, piga picha moja. Halafu tafuta bomba uisuuze baiskeli kwa maji baridi kabla hujakaa kula chipsi, maana chumvi haichelewi kula cheni.