Furaha ya Msikilizaji

Je, yafaa tufurahie wimbo ambao maneno yake hatuyaelewi?

Tangu mwaka 1982 Tamasha la Sanaa la Bagamoyo limewakutanisha wasanii wa makabila mengi. Huko wengi walimsikia marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, akiimba kwa zeze na marimba pamoja na jamaa zake. Wasiojua Kigogo nao walifurahi.

Wako wasemao kwamba sauti haina kabila. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Muziki wa watu wachache hauna kishindo cha kuficha kosa: kila mpigaji humsikiliza mwenziwe na kumwachia nafasi. Msikilizaji naye ni mmoja wao. Wajibu wake ni kunyamaza na kutega sikio.

Lakini sikio lisilouliza ni sawa na mla asali asiyejali nyuki. Tuwafikirie Wavidunda wa milimani, wilayani Kilosa, karibu na Mikumi. Wasemaji wa lugha yao si wengi, na watoto wao husomeshwa kwa Kiswahili. Iwapo wimbo wa Kividunda utashangiliwa jukwaani ilhali nyumbani hakuna mjukuu anayeufahamu, makofi hayo yatakuwa ya maziko.

Basi na tufurahi, kisha tumwulize mwimbaji maana ya maneno yake. Na mwanafunzi wa Mikumi amwulize bibi yake angali hai. Mgeni mwema hali akanyamaza. Huwajulia hali wenyeji wake.