Mtoto ni wa Nani?

Siku ya saba, katika nyumba nyingi za Waislamu mjini Tanga, mtoto mchanga hunyolewa nywele, na mwenye uwezo huchinja mbuzi wa akika. Nywele hukadiriwa uzito, na fedha ya kiasi hicho hutolewa sadaka. Furaha inaanza kwa kutoa.

Hapo ndipo penye swali: huyu anayetolewa sadaka ni wa nani? Masheikh hufundisha kuwa mtoto ni amana ya Mungu. Sawa, lakini amana gani hii inayolilia ziwa saa tisa za usiku na kumwaga uji mkekani? Mama aliyekesha hana haki ya kusema, "Huyu ni wangu"?

Mshairi Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alifiwa na mkewe Amina akabaki na watoto wa kulea. Alimtungia bintiye utenzi wa "Hati", na mwanawe wa kiume utenzi wa "Adili": mawaidha matupu, hakuna umiliki. Kabla yake, mshairi Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alikwisha kumtungia bintiye mawaidha kama hayo mwaka 1858.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 nayo humdai mzazi chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na hata nafasi ya mtoto kucheza.