Kichwa cha Habari Kilichotangulia Ushahidi

Aprili 19, 1995, saa 3 na dakika 2 asubuhi, lori lililosheheni mbolea na mafuta lililipuka mbele ya jengo la serikali mjini Oklahoma City, Marekani. Walikufa watu 168, wakiwemo watoto 19, kwani ndani ya jengo hilo mlikuwa na kituo cha kulelea watoto.

Kesho yake, gazeti la Today la Uingereza lilitoka na picha ya mzimamoto aliyepakata mtoto wa mwaka mmoja, maiti. Kichwa cha habari: “Kwa jina la Uislamu.” Ushahidi haukuwepo. Ilikuwepo kumbukumbu ya bomu la 1993 katika jengo la World Trade Center, New York, lililotegwa na Waislamu wenye siasa kali, na wachambuzi wa televisheni walioona katika mlipuko huu mkono wa Mashariki ya Kati. Ndani ya habari mwandishi hupata nafasi ya kusema “huenda” na “inadaiwa”. Kichwa hakina nafasi hiyo. Nasi wengi tunasoma magazeti kwenye meza ya muuzaji, tumesimama, hatununui. Tunaondoka na kichwa peke yake.

Fununu hizohizo zilikuwa zimetapakaa Marekani. Msafiri mwenye asili ya Jordan, mkazi wa Oklahoma City, alizuiwa London na kurudishwa kuhojiwa. Hakuwa na hatia. Mjini humo nyumba ya mkimbizi kutoka Iraq, mama mjamzito, ilishambuliwa kwa mawe. Mtoto wake alizaliwa amekufa.

Mlipuaji alikuwa Timothy McVeigh, Mmarekani, askari wa zamani wa Vita vya Ghuba, aliyelelewa katika Ukatoliki na mwenye chuki na serikali yake. Alipotajwa Aprili 21, Wakatoliki hawakudaiwa kuomba radhi, na ni haki hawakudaiwa. Waislamu walinyimwa haki hiyo kwa siku mbili, na siku mbili zilitosha kuwaumiza watu majumbani mwao.

Ndugu mhariri, kabla hujaitaja dini ya watu kwenye kichwa cha habari, subiri jina la mtuhumiwa. McVeigh alikamatwa na askari wa barabarani saa moja na nusu hivi baada ya mlipuko, kwa sababu gari lake halikuwa na namba. Gazeti la Today lilipokwenda mtamboni usiku ule, yeye alikuwa tayari mahabusu.