Dalili Zilizopata Maelezo Mepesi

Jumamosi, tarehe 4 Mei 1991, Rais George H. W. Bush wa Marekani alikuwa akikimbia mazoezi huko Camp David, Maryland, mara pumzi zikambana na nguvu zikamwishia. Alikuwa na miaka 66, mtu wa mazoezi, na madaktari hawakuwa mbali naye. Akapelekwa hospitali ya jeshi la majini ya Bethesda, na ikaonekana kwamba vyumba vya juu vya moyo wake havisukumi damu tena kwa mpangilio, vinatetemeka tu. Ulikuwepo mpango wa kuushtua moyo kwa umeme. Angelazimika kupewa dawa ya usingizi na kumwachia madaraka kwa muda makamu wake, Dan Quayle. Kwa bahati njema, dawa zikaurudisha moyo kwenye mwendo wake.

Chanzo hakikuwa moyoni. Siku chache baadaye vipimo vilionyesha kwamba tezi ya shingo ilikuwa inamwaga homoni kupita kiasi, ugonjwa uitwao Graves. Hapo ndipo mambo ya nyuma yalipoanza kueleweka: uzito ulikuwa umepungua, uchovu ulikuwepo, hata mwandiko ulikuwa umeharibika, kwa kuwa homoni hiyo ikizidi mikono hutetemeka. Kila dalili peke yake ilikuwa rahisi kuielezea. Vita vya Ghuba vilikuwa vimekwisha Februari tu, nani asingechoka? Mtu anakimbia, nani asingepungua? Na mkewe, Barbara, alikwisha kugunduliwa na ugonjwa uleule, kwa hiyo jina la ugonjwa huo halikuwa geni nyumbani mwao.

Tusimlaumu. Hata sisi, nami nikiwemo, tukipungua bila kufunga wala kuugua tunapokea pongezi, na moyo ukienda mbio usiku tunasema ni mawazo.

Kwa kawaida kila pigo la moyo huanzia kwenye kinundu kidogo cha chumba cha juu cha kulia, na chembe zote za misuli hulifuata, kisha hupumzika kitambo kabla ya kuweza kuitikia tena. Homoni ya tezi ikizidi, kitambo hicho hufupika na chembe huwa nyepesi kushtuka. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba cheche zinazoanzisha vurugu hii mara nyingi hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Basi vyumba vya juu hupokea amri zaidi ya 350 kwa dakika, kama mashua ambayo kila mpiga kasia anafuata hesabu yake mwenyewe. Damu inatuama kwenye kifuko cha chumba cha kushoto, inaganda, na bonge likichomoka na kupanda kichwani, ni kiharusi.

Kuchelewa kuna gharama yake. Mwaka 1995 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwatia mbuzi mtetemo huo kwa umeme, tena na tena. Mwanzoni ulikoma wenyewe baada ya sekunde chache. Baadaye ulidumu zaidi ya siku nzima, kwa sababu misuli yenyewe ilikuwa imebadilika. Kadiri moyo unavyozidi kutetemeka ndivyo unavyozoea.

Kwa hiyo weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Mapigo yakija ovyo, mengine mazito mengine hafifu, nenda ukapimwe umeme wa moyo, na uombe tezi ipimwe pia. Mweleze daktari yote kwa pamoja: uzito, jasho, mikono, usingizi.

Kwetu Afrika Mashariki njia nyingine ya kufikia mtetemo huu huanza mapema zaidi, utotoni. Maambukizi ya koo ya bakteria yasiyotibiwa yaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ikaacha kovu kwenye vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Vali ikibana, chumba cha juu kinatanuka mpaka mpangilio unapotea, wakati mwingine kwa kijana au mama mjamzito. Hapa pia tunayo maelezo mepesi: koo ni la vumbi, viungo vinauma kwa sababu mtoto anakua. Mpelekeni kituo cha afya wakati koo bado linauma. Likionekana ni la bakteria, penisilini ni dawa ya bei ndogo.