Ujirani wa Mbali na wa Ng'ambo ya Mto

Mtandao wa iEARN, ulioanza mwaka 1988 kwa kuunganisha shule za jimbo la New York na za Moscow, na ambao baadaye ulifika Kenya, uliwaletea walimu mradi wa pamoja, yaani kazi moja inayofanywa na madarasa ya nchi mbalimbali kwa kubadilishana maandishi na picha, na hivyo kuibua swali la kimaadili: je, watu wasioonana ana kwa ana wanaweza kuwa majirani? Mwanafalsafa Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969, alieleza kuwa mtu huwa mtu ndani ya jamii yake, wakiwemo waliokufa na watakaozaliwa; basi kutoonana pekee hakuvunji ujirani.

Hata hivyo, Sirisia, magharibi mwa Kenya, inadai jambo gumu zaidi, kwani ng'ambo ya mto Lwakhakha, nchini Uganda, wanaishi Wagisu, ambao hufanya jando katika miaka ya shufwa kama ndugu zao Wabukusu wa upande wa Kenya, ilhali watoto wa pande hizo mbili husoma mitaala tofauti. Kuzungumza na New York, ambako ni asubuhi wakati Sirisia ni alasiri, ni jambo jema. Lakini haki inataka mradi wa kwanza uwe wa kupima maji ya mto huo kutoka kingo zote mbili.