Grisi Kwenye Bushi

Gari la baba lilianza kugonga nyuma. Ni Corolla 110, tunakaribiana umri. Kila shimo hapa Boito, go! Baba alitaka liuzwe upesi, karo ya mdogo wangu ilikuwa inasubiri. Nikalipeleka gereji.

Fundi aliingiza mtaimbo, akausukuma mkono wa nyuma, ukacheza. "Bushi zimekufa." Bushi ni mpira uliobanwa kati ya vyuma viwili, unapokea kishindo ili chuma kisigonge chuma. Ukipasuka, gari huyumba kwenye kona na tairi huliwa upande mmoja.

"Kijana, zote mpya ni elfu nane na ufundi. Ama tupake grisi, kelele inyamaze wiki moja. Si unauza?"

Ukweli, nilishawishika. Mnunuzi ana macho, nikajiambia, na aje na fundi wake. Si ati nitamdanganya, asipouliza, sisemi.

Lakini macho hayaoni ndani ya mpira. Kinachomwonya mnunuzi ni ile kelele, na mimi ningelipa ili inyamaze. Nadhani hapo ndipo kimya kinageuka kuwa uongo: si pale unapokosa kusema, bali pale unapoziba mdomo wa kitu ambacho kingesema. Tena grisi hulainisha mpira, ikaumaliza haraka zaidi.

Grisi hiyo naijua. Nilipoacha chuo, mwaka mzima nilimwambia baba tuko likizo ndefu. Akiuliza, napaka. Alipojua, kuacha chuo hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba mwaka huo aliweka kando bonasi ya majani chai kwa ajili ya karo ambayo hakuna aliyeihitaji.

Tulibadilisha bushi. Fundi hakumalizia kukaza bolti gari likiwa kwenye jeki, alilishusha kwanza. "Ukikaza likining'inia, likishuka mpira unajipinda, unapasuka mapema. Kaza likiwa limebeba uzito wake."

Mnunuzi alikuja Jumamosi. Nilimwonyesha bushi mpya, halafu nikamwonyesha shoki ya kushoto iliyoanza kuvuja, ambayo hakuwa ameiona. Akapunguza elfu tano papo hapo. Baba, aliyesimama kando, aliniangalia muda mrefu bila kusema neno.

Mpaka leo sijamuuliza kimya kile kilikuwa cha aina gani.